Kusoma hadithi ili umsikie mgonjwa: mwongozo kwa daktari na muuguzi

Maswali kuhusu kikundi chetu cha kusoma hadithi ni yaleyale kila ninapokutana na wenzangu wa kada ya afya, iwe semina, iwe kampeni ya chanjo, iwe tumekaa Kibirizi, hapa Kigoma, tunasubiri boti. Mnasoma nini? Muda mnautoa wapi? Kwani hadithi inatibu? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Mwongozo huu ni wa daktari, tabibu, muuguzi, mkunga, mtu wa maabara na yule wa dirisha la dawa. Hauhitaji uwe msomaji. Mimi mwenyewe nilimaliza chuo nikajiapiza sifungui tena kitabu kisicho na dozi ndani yake.

Kwanza nikueleze kilichonibadilisha, halafu twende kazini.

Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi, nitamwita Babu. Ana presha. Kila mwezi anakuja kliniki, kila mwezi presha iko juu. Namuuliza, "Babu, dawa unameza?" Ananijibu, "Nameza, mwanangu." Naandika kwenye faili "anatumia dawa", naongeza dozi, namwita anayefuata. Tulikwenda hivyo miezi 3. Mwezi wa 4 alikuwepo mwanafunzi wa uuguzi, binti mdogo tu, akamuuliza, "Shikamoo Babu. Hiyo dawa unaimeza saa ngapi, na unakuwa wapi?" Mzee akacheka. Akasema anaimeza siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa nchi kavu, kwa sababu mwezi ukiwaka taa hazivuti dagaa. Siku nyingine zote haimezi. Sisi tulimwandikia ameze asubuhi, na asubuhi ndiyo anatoka ziwani anakwenda kulala. Dawa yenyewe ni ya kukojoza. "Nikiimeza asubuhi silali," akasema. "Mchana ndiyo usiku wangu."

Sasa jiulize kliniki alikuwa anakuja siku zipi. Hizohizo za mbalamwezi, maana ndizo za mapumziko. Tarehe tuliyompangia hakuiangalia. Kwa hiyo kila nilipomuuliza kama anameza dawa, Babu alikuwa anasema kweli tupu, na mimi nilikuwa naandika kweli tupu, na presha ilikuwa inapanda.

Daktari alimbadilishia dawa, mambo yakatulia. Lakini mimi sikutulia. Mwongozo wa matibabu nilikuwa nimeusoma na haukukosea popote. Kosa ni kwamba sikuwahi kuiona siku ya Babu kutoka upande wa Babu. Uwezo huo, wa kutoka kwenye kiti chako na kuketi kwa muda kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, haufundishwi na jedwali la dozi. Ila ndiyo kazi ya kila siku ya hadithi.

VYA KUANDAA KABLA HUJAANZA

Watu 3 hadi 7. Wakizidi 7 inageuka kikao, na kikao kina mwenyekiti, na mwenyekiti ana hotuba.

Andiko fupi, kurasa 2 hadi 4, nakala moja kwa kila mtu. Simu inakubalika kama hakuna namna, ila karatasi ni bora. Simu ikiwa mkononi, ujumbe wa wodini utaingia tu.

Dakika 40, mara moja kwa wiki mbili. Sisi tunakaa zamu ya asubuhi ikiisha, saa 9:30 alasiri, kabla watu hawajatawanyika.

Daftari la kila mtu la kukaa nyumbani kwake. Umuhimu wake utauona hatua ya 6.

Chumba chenye mlango unaofungwa. Benchi la wagonjwa wa nje halifai, hata likiwa tupu.

Neno la mganga mfawidhi. Hata la mdomo linatosha. Mwambie ni mazoezi ya kusikiliza wagonjwa, hayana bajeti.

Usivyovihitaji: projekta, mgeni rasmi, fulana, na posho. Hasa posho. Ukitoa soda leo, siku soda zikikosekana utabaki peke yako na viti.

HATUA KWA HATUA

1. Anza peke yako, wiki 2.

Usimwalike mtu kabla hujaonja mwenyewe. Soma dakika 10 kila usiku kabla ya kulala, hadithi ya aina yoyote ila isihusu hospitali. Usipige mstari, usiandike muhtasari. Kila unapofunga kitabu jiulize jambo moja tu: mhusika huyu anaogopa nini ambacho hajakisema? Basi, lala.

Wiki ya kwanza utasinzia ukurasa wa pili. Hiyo ni kawaida kwa mtu aliyetoka zamu, usijilaumu. Wiki ya pili utajikuta unamngoja mhusika.

2. Chagua andiko.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapa nitakaa kidogo.

Usianze na kitabu kikubwa. Usianze na kitabu chenye "mafunzo". Chukua kipande ambacho mtu anajaribu kusema kitu na hasikiki vizuri, maana hiyo ndiyo hali ya chumba cha daktari. Nitakutajia vile tulivyovitumia sisi.

Cha kwanza ni hadithi fupi ya Anton Chekhov ya mwaka 1886, ambayo kwa Kiingereza inaitwa Misery. Chekhov alikuwa daktari Urusi, alihitimu 1884, akafa kwa kifua kikuu 1904. Yaani ni mwenzetu. Ni kurasa chache, na tafsiri zake za zamani za Kiingereza zinapatikana bure mtandaoni. Mzee mwendesha gari la farasi amefiwa na mtoto wake wiki hiyo. Kila abiria anayepanda, mzee anajaribu kumweleza. Abiria wa kwanza anauliza, kafa kwa nini? Mzee anasema hajui, labda homa, kalala hospitali siku 3 kafa. Mara barabarani kunatokea msukosuko, mazungumzo yanakatika, na mzee akigeuka kuendelea anamkuta abiria kafumba macho. Usiku mzima ni hivyo. Mwisho anamweleza farasi wake.

Tuliisoma kwa Kiingereza, kila aya mmoja wetu akaitafsiri palepale. Kuna mahali mwandishi anaorodhesha mambo ambayo mzee angependa kuyasimulia: mtoto aliumwaje, alisema nini kabla ya kufa, maziko yalikuwaje, na jinsi mzee alivyokwenda hospitali kuchukua nguo za marehemu. Tulipofika hapo kwenye nguo, mama wa usafi wa wodi ya wanaume akasema, "Hizo nguo anayewapa ni mimi." Tukanyamaza. Akaendelea: "Wanazipokea halafu hawaondoki. Wanasimama na mfuko mkononi. Mimi huwa nadhani wamesahau njia, nawaambia mlango ni ule." Hakuna aliyeongeza neno kwa muda mrefu. Nilikuwa nimefanya kazi wodi ileile miaka, na sikuwahi kujua kwamba kuna mtu anasimama pale na mfuko.

Cha pili ni Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Watu wengi wanaukumbuka kama mashairi ya mama kumuusia binti namna ya kuishi na mumewe. Wasome beti za mwanzo tu, kama 10 hivi. Yule mama ni mgonjwa, anasema maradhi yamemshika mwaka mzima, na alifariki kama miaka 2 baada ya kuutunga. Angalia anacholalamikia. Halalamikii maumivu. Anachosikitikia ni kwamba ugonjwa umemnyima nafasi ya kumwambia mwanawe neno jema. Sasa fungua faili la mgonjwa wako wa mwaka mzima uone kama kuna mahali umeandika kitu cha namna hiyo. Lugha yake ni ya Lamu ya zamani, kwa hiyo tafuta chapa yenye maelezo chini. Na jiandae: beti za mbele kuhusu utii kwa mume zitaleta ugomvi wa wanaume na wanawake kikundini. Wape dakika 5 wagombane, halafu warudishe kwenye kitanda cha mgonjwa.

Cha tatu ni tamthilia ya Ngoswe ya Edwin Semzaba. Karani wa sensa anatumwa kijijini kuhesabu watu. Wewe na mimi ni makarani wa namna hiyo kila asubuhi: jina, umri, unaishi wapi, una watoto wangapi, mimba ngapi, zimetoka ngapi. Soma sehemu anazowauliza watu maswali, uone wanavyomjibu na wanavyomficha, na kwa nini. Gawaneni sauti, tamthilia inasomeka vizuri hata na watu wasiopenda kusoma.

Nyingine za baadaye, kikundi kikishazoea: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya 1971, kwa wanaohudumia wasichana kliniki ya uzazi, Takadini ya Ben Hanson, ambayo wengi tuliisoma sekondari, kwa yeyote anayepokea mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino. Na kama unafanya kazi na wakimbizi, Kasulu au Kibondo, jitahidi upate The Spirit Catches You and You Fall Down ya Anne Fadiman, ya 1997. Si hadithi ya kubuni. Ni habari ya mtoto mwenye kifafa wa familia ya wakimbizi wa Kihmong kutoka Laos, huko California. Madaktari walijitahidi, wazazi walimpenda, na pande mbili hazikuelewana mpaka mwisho. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, huko Kasulu, imekuwepo tangu 1996. Sihitaji kukueleza zaidi kwa nini kitabu hicho kinatuhusu.

Angalizo la hakimiliki: kazi za Chekhov na Mwana Kupona ni za zamani, toa nakala upendavyo. Vitabu vya waandishi wetu wa karibuni nunua kimoja, mzunguke nacho. Usiwapeleke stesheneri wakakutolea kopi kitabu kizima.

3. Kusanya watu wa kada tofauti.

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuwaalika matabibu tu. Tulikaa wanne, tukasoma, na ndani ya dakika 10 tulikuwa tumempima mhusika, tumempa ugonjwa, tumemwandikia dawa. "Huyu mzee ana sonona." "Hapana, ni pombe." Ilikuwa ripoti ya asubuhi iliyohamia alasiri.

Alika mtu wa mapokezi. Alika wa maabara, anayewaona watu wakisubiri jibu. Alika mlinzi wa geti kama anapenda. Alika mhudumu wa usafi, na umwambie kabisa kwamba hujamwita kuja kupanga viti. Hao ndio wanaosikia mgonjwa anasema nini akishatoka chumbani kwako.

Ndani ya chumba vyeo vinabaki mlangoni. Sisi tunaitana kaka, dada, mama, mzee, kama watu waliokutana msibani. Daktari akianza kuitwa "Dokta" kila sentensi, wengine watangoja aseme kwanza.

4. Soma kwa sauti, mara 2.

Mara ya kwanza soma mtu mmoja tu, taratibu, wengine wasikilize bila kufuata kwa kidole. Mara ya pili pokezaneni aya kwa aya, kila mmoja na karatasi yake.

Usiruke mara ya pili. Mara ya kwanza watu husikia kisa. Ya pili husikia maneno. Na kazi yetu iko kwenye maneno. Mgonjwa anayesema "mwili umeniishia" na anayesema "nimechoka" hawasemi kitu kimoja, ila kwenye faili wote wawili tunawaandika udhaifu wa mwili.

Anayesoma kwa kukwama asiharakishwe wala asinyang'anywe karatasi. Ukimsubiri, umeshaanza zoezi.

5. Uliza maswali machache, na haya yasiwe ya mtihani.

Sisi sote tumefundishwa fasihi kwa ajili ya mtihani. Ukitoa kitabu tu, mtu mzima mwenye wajukuu ataanza, "Dhamira kuu ya mwandishi ni..." Mkate kwa upole. Hapa hakuna dhamira, hakuna ujumbe, hakuna falsafa ya mwandishi.

Tunayoyauliza ni haya. Neno gani limekukwama, na liko mstari gani? Ni wakati gani hasa msikilizaji aliacha kusikiliza? Nani yumo chumbani lakini hasemi? Siku ya mhusika huyu ikoje, anaamka saa ngapi, anakula nini, nani anamsubiri nyumbani?

La mwisho ni la Babu. Nimeliweka makusudi.

Chagua mawili kwa kikao kimoja. Na mtu akitoa jibu, mrudishe kwenye karatasi: "Umeliona wapi hilo?" Usipofanya hivyo, baada ya robo saa mtakuwa mnajadili Serikali.

6. Andikeni dakika 5.

Kila mtu na daftari lake, kimya. Toa sentensi moja ya kuanzia. Mifano tuliyotumia: "Mgonjwa aliyeondoka kabla hajamaliza kusema." "Kitu nilichokiona mikononi mwake." "Jibu nililolitoa haraka."

Wazo hili si letu. Rita Charon, daktari wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwafundisha wanafunzi wake wa udaktari waandike faili la pili, la pembeni, kwa lugha ya kawaida. Kinachohitajika kwenye faili la hospitali kikae huko. Kisichokuwa na nafasi huko, kwamba mgonjwa huyu anakukumbusha baba yako, au kwamba unamwogopa ndugu yake, kiingie kwenye hili.

Atakaye asome alichoandika, asiyetaka afunge daftari. Usimlazimishe mtu.

Angalizo zito: hakuna jina la mgonjwa, hakuna kijiji, hakuna namba ya faili, wala ugonjwa wa nadra utakaomtambulisha. Kigoma ni ndogo. Ukisema "yule mwalimu wa Mwandiga mwenye mapacha", nusu ya chumba wameshamjua. Na daftari lisibaki mezani wodini hata dakika moja, wala ukurasa wake usipigwe picha.

7. Peleka jambo moja chumbani kwa mgonjwa.

Bila hatua hii mtakuwa mnaburudika tu. Mwisho wa kikao kila mtu anachagua jambo moja la kufanya kwa wiki 2. Moja. Mawili utayasahau yote.

La kuanzia ni kutokatiza. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, wakakuta daktari anamkatiza mgonjwa kwa wastani baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza kilichomleta. Sekunde 18 Kigoma ni salamu tu. Mama mtu mzima ameuliza habari za hapa, za nyumbani, za kazi, hajafika kwenye tumbo, na wewe umeshauliza kama anaharisha.

Kwa hiyo: muulize amekuja na nini, weka kalamu chini, nyamaza mpaka amalize. Akinyamaza, sema "Na kingine?" Wengi wanamaliza mapema kuliko unavyoogopa.

Jambo jingine zuri ni kuandika maneno yake mwenyewe. Mstari wa kwanza wa historia uwe vile alivyosema, kwa Kiswahili chake: "kuna kitu kinanitembea tumboni kikifika hapa kinasimama". Mwenzako wa zamu ya usiku atamjua mgonjwa huyo kuliko kama ungeandika maumivu ya tumbo.

Na kama mnatumia mkalimani wa Kiha au Kirundi, mwombe asifupishe. Unajua inavyokuwa: bibi kaongea dakika 3, mikono inaonyesha mlima na mto, mkalimani anakugeukia anasema, "Anasema kichwa." Mwambie, "Ndugu yangu, niambie yote, hata unayoona ni ya upuuzi."

Haya yote si ya dharura. Mama anavuja damu, mtoto ana degedege, hapo fuata mwongozo wa matibabu, hadithi ataisimulia akishapona.

8. Rudini na taarifa.

Kikao kinachofuata anzeni na hili kabla ya kusoma: ulijaribu nini, kilitokea nini. Dakika 5 zinatosha. Ikishindikana sema imeshindikana. Kikundi chetu kiliwahi kurudi wote sita hatujafanya kitu kwa sababu kulikuwa na usimamizi shirikishi, yaani wakubwa wanakuja kukagua kazi, wiki hiyo na kila mtu alikuwa anajaza rejista. Tukasoma tukaenda.

MAKOSA NINAYOYAONA SANA

Kudhani umeshawajua. Umesoma Rosa Mistika, riwaya moja ya Ukerewe, sasa kila msichana unamwona Rosa. Umesoma habari za Wahmong, sasa kila mkimbizi unadhani anakataa dawa kwa sababu ya mizimu, kumbe hana nauli. Kitabu kikufanye uulize zaidi. Ukiona kimekufanya uulize kidogo, kiweke pembeni kwanza.

Kuwahubiria wengine. Hakuna kitu kinachochosha kama daktari aliyegundua vitabu jana. Usimnyooshee kidole muuguzi anayewafokea wagonjwa saa 8 usiku akiwa peke yake na vitanda 40. Mualike. Akikataa, mshike mkono kazi ipungue.

Kusoma ili kujifariji tu. Mtu anaweza kumlilia mzee wa Chekhov saa 10 jioni, na kesho yake saa 3 asubuhi akamfungia mgonjwa mlango. Ndiyo maana hatua ya 7 haina mjadala.

YAKIKWAMA

Mganga mfawidhi anauliza ushahidi uko wapi. Mjibu bila kuongeza chumvi. Mwaka 2013 jarida la Science lilitoa utafiti wa Kidd na Castano uliosema kwamba kusoma hadithi za kifasihi hata kwa muda mfupi kunamsaidia mtu kutambua hisia za wengine. Mwaka 2016 watafiti wengine wakaurudia na hawakupata matokeo yaleyale. Kwa hiyo usimwahidi kwamba kurasa 4 zitapunguza vifo. Mwambie ni mazoezi, na mazoezi yanafaa yakirudiwa. Mwombe miezi 3 ya kujaribu, kisha aangalie mwenyewe foleni na malalamiko kwenye sanduku la maoni.

Foleni ni ndefu, sina dakika ya kumsikiliza mtu. Usianze na wote. Chagua mgonjwa mmoja kila asubuhi, ikiwezekana yule anayerudi kila mwezi na hapati nafuu. Huyo ndiye anayekula muda wako kwa mwaka mzima.

Mtu kalia kikaoni. Itatokea, na mara nyingi ni yule usiyemtegemea. Usimpe ushauri. Acheni kimya kidogo, mpe maji, aliye karibu naye amshike bega. Akitaka kutoka atoke, na mmoja amfuate. Kama kilio ni cha jambo kubwa la nyumbani au la kazini, hapo mtafutieni mtu wa ustawi wa jamii au daktari wa afya ya akili. Kikundi cha kusoma hakitoi tiba.

Kiingereza kinawashinda. Basi someni Kiswahili. Au mmoja asome nyumbani aje asimulie, na wengine wamkatize kumuuliza. Usimulizi ulikuwepo kabla ya karatasi, na bibi zetu wa Kiha hawakuhitaji nakala.

Mkubwa mmoja anaongea peke yake. Wekeni utaratibu wa kupeana karatasi: mwenye karatasi mkononi ndiye anayesema, na haimrudii mpaka imezunguka. Kwetu sisi mkubwa huyo nilikuwa mimi. Aliyeniambia ni mtu wa mapokezi, kwa adabu sana: "Kaka, na sisi tunasoma."

Vitabu havipatikani hapa. Vingine kweli havipatikani. Uliza maktaba ya mkoa, uliza walimu wa Kiswahili wa sekondari zilizo jirani, wana makabati yenye vitabu vya kiada na ziada ambavyo vinaliwa na mchwa. Uliza wenzako walioficha vya watoto wao waliomaliza kidato cha 4. Ngoswe tuliipata kwenye nyumba tatu tofauti kabla hatujaigusa pochi.

Kikundi kimekufa. Kitakufa tu, usishtuke. Mvua zikianza na malaria ikapanda, hakuna anayebaki saa 9:30. Usitangaze kwamba kimekufa, wala usiitishe kikao cha kukifufua. Kaa siku ileile, saa ileile, chumba kilekile, na yeyote atakayekuja. Aprili iliyopita tulibaki wawili, mimi na yule mama wa usafi. Yeye ndiye aliyechagua cha kusoma, akasema turudie pale kwenye nguo za marehemu. Tukasoma ukurasa mmoja. Akaniambia siku hizi akishawapa mfuko huwa anawauliza, "Alikuwa nani kwako?" halafu anasubiri na ufagio wake. Tukafunga dirisha maana mvua ilikuwa inaingia, tukaenda kutafuta daladala ya Ujiji.